Jinsi ya Kupiga Picha Lamu na Kulaumu Kamera

Kwanza, jifunze hesabu ya kinyume. Kwenye lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa: f/1.8 ni wazi kabisa, f/16 ni kijitundu. Usibishane. Namba hiyo ni kigawanyo cha urefu wa fokasi wa lenzi, na kigawanyo kikikua tundu hupungua. Irudie njia nzima kutoka gatini. Ukifika uwanja wa Mkunguni utakuwa umeisahau.

Pili, piga mlango wa nakshi. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuondoka bila mlango. Fungua tundu hadi f/1.8. Ukisimama mbali kidogo, uso kwa uso na mlango, wote utatoka safi kwa kuwa ni bapa. Sasa sogea ubavuni, karibu: msumari mmoja utaonekana, mengine yote ukungu. Wenzako wataita sanaa. Usiwasahihishe.

Tatu, punda. Unataka punda, mizigo na kuta vyote vitoke safi? Punguza tundu hadi f/16. Ila mwanga uliotosha kwa f/2.8 na shata ya 1/1000 sasa unadai 1/30. Kuta zitatoka safi. Punda atakuwa moshi. Usiilaumu shata kwa kina cha picha, yaani eneo linalotoka safi mbele na nyuma ya fokasi: kazi yake ni kupima mwanga na kugandisha mwendo. Kina huamuliwa na tundu, umbali na lenzi. Ukisikia "Simile!" bana ukutani kwanza. Njia ni ya punda, na hasubiri ufokasi.

Nne, mashindano ya mashua. Hapa jua la baharini linakulipia kila kitu: weka 1/1000, tundu f/8, na tanga litasimama kama limechorwa. Mashua zikiwa mbali, hata f/4 ingetosha, maana umbali nao huongeza kina. Upeo wa bahari utakuja umelala upande. Sema ni mawimbi.

Tano, mzee wa barazani. Fungua tundu, sogea, fokasi jicho. Sikio litajiendea lenyewe kwenye ukungu. Lakini kamera ibaki begani kwanza. Toa salamu, ulizwa watokako wazazi wako, kunywa kahawa, kisha omba ruhusa. Kina mama waliovaa buibui usiwanyooshee lenzi kabisa. Ruhusa itakapopatikana, jua litakuwa limezama. Pandisha ISO, zipokee chenga.

Mwisho, picha bora ya safari yako itapigwa na kijana wa boti kwa simu. Lenzi ya simu ni fupi mno, hivyo karibu kila kitu hutoka wazi bila yeye kujua f ni nini. Mpongeze, mwombe akutumie, na ukiulizwa umetumia tundu gani, jibu "f/8" bila kupepesa.