Mjomba Tungi Anajibu: Mume Wangu Kaoa Bilauri

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu karudi kutoka London na bilauri moja ya wiski, ya kristali, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Kila jioni anaiinua kwenye taa, anaizungusha, anaigonga kwa ukucha, inalia “ngiii”, naye anatabasamu peke yake. Mimi mara ya mwisho kutazamwa hivyo ilikuwa siku ya harusi. Isitoshe, shoga yangu kaniambia ina risasi ndani. — Mke Mwenza wa Bilauri, Tabata.*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo risasi, usije ukalala uvunguni. Ni madini tu, bunduki haihusiki. Hukohuko London, miaka ya 1670, George Ravenscroft alianza kutia oksidi ya risasi kwenye kioo. Ndiyo inayokipa uzito, ikakifanya kichongeke kirahisi, na ikaupinda mwanga hadi mezani ukaona vipande vya upinde wa mvua. Ulaya, kioo hakiitwi kristali ya risasi mpaka oksidi hiyo ifike asilimia 24. Kinywaji cha jioni moja hakina muda wa kuinyonya risasi ya kutisha. Ila akinunua na chupa ya kristali ya kuhifadhia wiski kabatini miezi na miezi, hapo gomba: pombe ikikaa, risasi huchuja polepole ikaingia humo.

Kuhusu wivu, nakuelewa, lakini na yeye namwelewa. Niliwahi kushikishwa moja. Kitako kinene, michongo inang'ang'ania vidole, na maji ya bomba niliyotiliwa yakaonekana ya kulipia. Nilikunywa taratibu kama mkwe ukweni. Mwambie anunue ya pili, iwe yako, utie hata juisi ya ukwaju. Ule mlio anaoutafuta kwa ukucha unatoka vizuri zaidi bilauri mbili zikigongana.

*Mjomba, nikitia konyagi kwenye kristali, si inapanda cheo? — Mpenda Makuu, Kinondoni.*

Haipandi. Hata wiski yenyewe haipati ladha mpya humo, na mdomo mpana wa bilauri unaiachia harufu iende zake. Waskoti wanaotaka kunusa wana glasi ya Glencairn, iliyotoka 2001, tumbo nene, shingo nyembamba. Bilauri ya kristali ni ya jicho na kiganja. Lipia hivyo viwili, ulimi usiusingizie.

*Yangu niliisugua kwa stiliwaya, kisha dada akaitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo mara nyingi. Sasa ina ukungu. Nifanyeje? — Mwenye Majuto, Mikocheni.*

Pole. Ukungu wa mashine ukishakula kioo hautoki, na mikwaruzo ni yako mwenyewe, usimgombeze dada. Nyingine ioshe kwa mkono, maji vuguvugu, kitambaa laini. Hiyo wekea miswaki.