Bado mmoja

Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimesimama kwa mguu mmoja. Wa pili umo humu humu ndani ya daladala, ila sijui umekanyagwa na nani. Kwapa la jirani limenikaa puani. Konda ananing'inia mlangoni: "Twende, twende, nafasi ipo, bado mmoja!"

Matusi simuwezi, anayajua kuliko mimi. Nikaona nimkamate kwa hoja yake mwenyewe: unaikubali, unaifuata nyuma taratibu, mpaka ijikwae. Galileo aliwafanyia hivyo waliodai jiwe zito huanguka upesi kuliko jepesi. Haya, alisema katika kitabu chake cha 1638, yafungeni pamoja. Jepesi litalichelewesha zito, basi yataanguka polepole zaidi. Lakini yakifungwa yana uzito zaidi, basi yataanguka upesi zaidi! Sisi tumelelewa na Abunuwasi: mtu aliyefurahi kuambiwa sufuria yake imezaa alikosa la kusema alipoambiwa imekufa.

"Konda," nikasema kutoka kwapani, "hata gari lijae vipi, bado mmoja anaingia?"

"Anaingia, mzee wangu."

"Akiingia huyo?"

"Bado mmoja."

"Na akiingia huyo mwingine?"

"Mzee, gari hii haijai."

Hapo hapo! "Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3. Kwa hesabu yako, mmoja mmoja, jiji zima litaenea humu, na Barabara ya Kilwa watabaki mbuzi!"

Abiria wakacheka. Mama mwenye ndoo ya dagaa akaguna, "Kweli, baba," na mguno wa mwenye ndoo si kitu kidogo. Nikavimba, kadiri kwapa lilivyoniruhusu.

Nilichosahau ni kwamba Abunuwasi alibishana na mtu mwenye sufuria ya kupoteza. Huyu wangu kila kichwa kwake ni nauli. Alinyamaza, midomo ikicheza kama anayehesabu chenji, macho yakaanza kung'aa.

"Milioni tano," akasema kwa upole. Kisha akapiga bati la gari mara mbili.

"Basi sogea nyuma, mzee, uwapishe."