Mheshimiwa C Amejaa

Wengine na wamsifu kamba wa delta ya Rufiji. Mimi namsifu C, ile diski ndogo ya kwenye kompyuta mpakato, iliyoandikwa GB 128 juu ya boksi na ukiiwasha unakuta 119, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Mheshimiwa gani mwingine angepungua namna hiyo kabla ya kuapishwa na pasiundwe tume?

C ni mdogo, tena mchoyo, ila kiti ni chake. Windows imekaa kwake, programu zimekaa kwake, na herufi yake ni ya tatu kwa sababu A na B walikuwa wa zile diski laini za kuchomeka na kuchomoa, ambazo vijana wa leo wanazijua kama kialama cha kuhifadhia tu. Wenye A na B wamezikwa siku nyingi. C hajadai kupandishwa cheo.

Jirani yake ni D, terabaiti nzima, diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku ikikoroma. Ukimwomba faili, hujinyoosha kwanza. Ni mkarimu kupita kiasi, na hapo ndipo anaponikosesha sifa za kumwimbia. Ingia steshenari yoyote kuanzia Kibiti mjini hadi Mahege, mwombe mwenyewe afungue D: utakuta folda "Mpya", ndani yake "Mpya 2", ndani yake "USIFUTE", na humo zimo filamu zilizotafsiriwa, singeli, na picha za pasipoti za watu waliokwishasafiri wakarudi. D hajawahi kumwuliza mtu hiki ni cha nini.

C huuliza, tena mbele za wateja. Nafasi ikibaki chini ya sehemu moja ya kumi, mstari wake wa buluu hugeuka mwekundu. Katika duka zima hakuna mwingine anayetangaza kilichobaki bila kuona haya.

Babu mmoja alileta barua yake ichapwe.

"Shikamoo, babu. Subiri kidogo, mashine imejaa."

"Marahaba. Imejaa nini, mjukuu wangu? Mbona unaiinua kwa mkono mmoja?"

Kijana wa steshenari akaanza kufuta filamu zilizokuwa C. C hakutikisika, maana filamu zilikwenda kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe limo nyumbani kwa C. Akabadili mbinu, akazikata zilizobaki azibandike D. Ndani ya diski moja, kukata na kubandika ni kubadilisha anwani tu, kufumba na kufumbua. Kutoka C kwenda D ni lazima kila kitu kinakiliwe kwanza, ndipo cha zamani kifutwe, na anayepokea ni yule mkoromaji. Babu akapata wasaa wa kusimulia mafuriko ya 1968 kuanzia tone la kwanza. Bila uchoyo wa C, nani angekaa kumsikiliza?

Na simulizi yenyewe ilimhusu C, ingawa babu hakujua. Baada ya mafuriko yale serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji wakajenge vijiji vya juu, lakini rutuba haikuhama nao. Msimu wa mpunga ukifika, watu wakawa wanashuka kukaa madunguni, vile vibanda vya shambani, wawinge ndege na wafukuze nguruwe. Dunguni hupeleki kabati wala sanduku la nguo za harusi. Unapeleka chungu, mkeka na chandarua. C ni dungu, na wanaomlalamikia ni wale waliompandishia kabati.

Mahasidi watasema hujazwa na watu wake mwenyewe: lile faili kubwa la kuilaza mashine usingizi, na Windows ya zamani inayobaki siku 10 baada ya toleo jipya kuingia. Ni kweli. Mkubwa gani hutembea bila msafara? Wengine hujigamba kwamba wana nakala D, kana kwamba D anaishi wilaya nyingine. Mashine ni moja. Maji ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti hayakuchagua herufi.

Mwishowe kijana alifanya jambo la maana: akabonyeza kulia folda ya vipakuliwa, akaingia kwenye sifa zake, akabadilisha mahali inapokaa kutoka C kwenda D, na eneokazi nalo hivyohivyo. Mstari ukarudi buluu, barua ikachapwa, babu akalipa akaenda zake. Jioni C alikuwa mwekundu tena. Masasisho ya Windows yalikuwa yamewasili, yote kwa bando la mwenye duka.