Sifa za Esi

Katika wanamuziki wote waliopita majlisini kwangu, Mawaleh, ninakorekodi ngoma, hapana ninayemheshimu kuliko esi. Vitabuni huitwa kiyoyozi; sisi wa Maskati ni esi tu, na mkubwa hahitaji jina refu.

Kwanza, hachelewi. Mpiga msondo akikuahidi saa kumi, mtazamie magharibi, tena baada ya simu tatu. Esi yuko ukutani tangu juzi. Haombi posho, haulizi leo kumepikwa nini. Na sauti yake! Umeme wa Oman ni wa Hertz 50, basi naye huvuma papo hapo na kwenye 100, usiku na mchana, hatelezi hata unywele. Mwimbaji gani wa taarabu aliyeshika noti moja miaka sita bila kupumua? Tena ana adabu ya kuchagua pa kukaa: kajiweka ndani ya tumbo la msondo, kule chini mlio mzito unakotoka. Nikimkata kwenye kompyuta, huondoka na tumbo lake, nikabaki na debe.

Maji yake hudondoka ndooni, tik, tik, karibu yafuate mapigo ya ngoma ya lewa. Karibu.

Mzime basi, utaniambia. Julai hii! Nje digrii zimepita 40, mlango umefungwa, mablangeti manne yametundikwa kuzuia mwangwi. Nikimzima, haupiti muda unyevu wa bahari umeingia, ngozi ya ngoma imelegea, mpigaji kavua dishdasha, na ngoma iliyoanza wimbo siyo iliyoumaliza. Moto wa kuikanza siwezi kuuwasha juu ya zulia la mke wangu.

Lakini jamani, watu huchoka. Lewa ilivuka bahari kutoka Afrika Mashariki ikafika hadi huku. Kila sherehe wakubwa hushika kipaza sauti: urithi, urithi. Haya, urithi huo urekodiwe wapi, jikoni? Nilikwenda ofisi moja kuomba ukumbi wao siku mbili tu. Nikakalishwa saa nzima chini ya esi ambaye, wallahi, hasikiki. Ningeweza kumrekodi nzi akitembea. Mwishowe karani akaniuliza kama hizo ngoma zitapiga kelele.

Barua yangu imo kwenye droo yao tangu Machi. Nikienda kuiulizia huchukua sweta, maana mle ndani ni baridi, na kimya kabisa.