Sifa za Nyani, Mtoza Ushuru

Simba yuko kwenye noti ya shilingi 2,000, faru kwenye ya 5,000, tembo kwenye ya 10,000. Nyani hana hata sarafu. Mnyama pekee anayejua kukusanya mapato nchi hii, tena bila mafunzo wala posho, Benki Kuu haijamkumbuka. Naomba leo nimtetee.

Nilimfahamu vizuri Mto wa Mbu, mji mdogo ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Watalii wengi huupita mbio kuelekea Ngorongoro. Wakisimama, ni kununua ndizi nyekundu na kinyago. Sisi tulikwenda kukaa: mahema yetu wenyewe, baiskeli za kukodi za kupita migombani na kando ya majaruba ya mpunga hadi karibu na ziwa, na kupanda ukingo alfajiri kabla jua halijakasirika. Hifadhi ni ya tangu 1960 na haina uzio. Msitu wake wa mikuyu unanyweshwa na chemchemi zinazobubujika chini ya ukingo, na ndani ya msitu huo nyani wanaishi kwa makundi makubwa, wenye afya, wenye nafasi, na wenye njia fupi ya kufika kwenye kifungua kinywa chako.

Tazameni basi uadilifu wa mtumishi huyu. Dume lilikuja tukiwa tumekaa kula. Halikujificha wala halikutuma kijana. Lilipita katikati yetu, likaenda kwenye hema la chakula, likashika zipu kati ya kidole na gumba, likaivuta taratibu mpaka mwisho, kama mtu afunguaye begi lake mwenyewe. Likatoka na mkate kwapani na pakiti ya sukari mdomoni. Likaketi. Chumvi na majani ya chai halikuvigusa, maana linajua mipaka ya mamlaka yake.

Ushuru wa nyani hulipwa papo kwa hapo, kwa mali uliyo nayo. Hana fomu. Hana dirisha linalofungwa saa sita. Hana bei ya mgeni na bei ya mwenyeji: Wajerumani wa hema la jirani walitozwa jibini, sisi mkate, kila mtu kwa uwezo wake, na hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Uzuri wenyewe uko kwenye matumizi. Alichokusanya anakila hapo hapo, mbele ya mlipakodi, shavu likitutumka hadharani, kiasi kwamba ukaguzi wa hesabu unafanyika kwa macho tu. Haikupotea hata slesi moja kati ya ukusanyaji na tumbo. Makombo yakaenda kwa majike na watoto waliokuwa wakisubiri pembeni. Huduma ikawafikia walengwa bila kamati, bila warsha, bila bango lenye picha ya mgeni rasmi. Onyesheni halmashauri iliyowahi kufunga mwaka wa fedha hivyo.

Aidha anaamka mapema, ni mzazi mwema, na hadai pesa ya picha.

Tena ana adabu. Hapana, adabu hana. Adabu hana hata chembe! Alijisaidia juu ya turubai letu, na nilipoinua ufagio akanifunulia chonge ndefu kama kidole changu, nikaushusha. Ile sukari, kilo nzima, alilamba kama vijiko viwili, nyingine yote akaimwaga mchangani na kutembea juu yake. Mkate nimesamehe. Sukari sijasamehe.

Lakini tuwe wa haki. Zipu haioti msituni. Nyani wa porini anakula matunda, mizizi, nyasi na wadudu, na hiyo ni kazi ya kutwa. Panda barabara ya ukingo mpaka pale magari yanaposimama watu wapige picha ziwa, utaliona darasa lenyewe: kioo kinashuka, ndizi inatoka, na simu inatoka kurekodi. Watu wanacheka. Kisha mwalimu anakanyaga mafuta kwenda Ngorongoro, na mwanafunzi anateremka kufanya mazoezi kwenye shamba la mama ambaye hajawahi kupanda gari la utalii maisha yake. Huyo ndiye anayeamia kuanzia alfajiri, na mtoto wake ana manati begani badala ya mkoba. Mimi nilipoteza kifungua kinywa. Yeye anapoteza msimu.

Na pale kambini, nyuma ya jiko, kulikuwa na pipa la taka lisilo na mfuniko, limejaa hadi kumwagika, usiku na mchana. Siku ya kuondoka nililetewa hesabu: ada ya kusimamisha hema (letu), ada ya kuni, ada ya maji ya moto, ambayo moto wake ulikuwa jina tu, ada ya usafi, na ulinzi. Mlinzi mwenyewe asubuhi ile alikuwa anaosha gari la bosi. Nikaomba angalau ulinzi upunguzwe.

“Kaka yangu,” akasema kijana wa mapokezi kwa upole mkubwa, “nyani si wa kwetu. Wanyamapori wote ni mali ya umma.”

Kisheria hakukosea, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema hivyo, na Rais ndiye mdhamini wao. Nikamwuliza kama na pipa ni mali ya umma. Akasema mfuniko uko kwenye mpango.

Nikalipa. Nikaomba risiti.

“Mtandao unasumbua, kaka.”