Anayepimwa Nani?

Mtihani wa darasa la nne, Baraza la Mitihani limeuita upimaji. Sisi wazazi tumesikia kiyama. Mtoto wa miaka 10 anaamka alfajiri, shule, kisha tuisheni, anarudi magharibi begi limemzidi uzito. Hajamaliza ugali, baba keshafungua daftari.

"Andika 49 kwa Kirumi!"

Mtoto anasinzia, tonge mkononi. Baba anafoka, anachukua kalamu, anaandika IL kwa mikogo ya profesa. Mtoto anafumbua jicho moja: "Baba, ni XLIX." Kisha analala.

Mama anaondoa sahani taratibu. "Baba Asha, mwache mtoto apumzike. Wewe ndiye unayehitaji tuisheni. Ada nitakulipia."