Nyumba ya Kwenye Shairi Haina Mwenye Nyumba

Sijui washairi wana nini na bati bovu. Mtu akitaka kuandika umaskini, kitu cha kwanza ni paa linalovuja. Cha pili ukuta wa udongo. Cha tatu mama anahamisha beseni usiku wa manane. Halafu ubeti wa mwisho jua linachomoza, mtoto anatabasamu, shairi limekwisha, tumaini ndilo hilo. Sisi tunaolala chini ya bati lenyewe tunajua kwamba jua likichomoza kinachofuata ni kuanika magodoro.

Nayasema haya kwa sababu binti yangu wa kidato cha tatu kapewa kazi ya kuchambua shairi la namna hiyo. Lilikuja kwenye karatasi ya fotokopi, mashine imekula jina la mtunzi na robo ya ubeti wa pili. Ni la kisasa, halina vina wala mizani, na mimi kwa hilo sina ugomvi. Wakubwa walishagombana ugomvi huo. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, mwaka 1974 Kezilahabi akaja na diwani ya Kichomi, mashairi yasiyozijali sheria hizo, watu wakarushiana maneno miaka na miaka. Watoto wetu wamebakiwa na kazi nyepesi: mtindo wa shairi ni upi? Wa kisasa. Alama zako hizo, songa mbele.

Huko mbele ndiko kwenye shughuli. Kuna dhamira, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo. Nimeuliza mtazamo na msimamo vinatofautianaje, nikajibiwa, "Baba, mwalimu anataka tu viwepo vyote." Basi vikawepo. Mtazamo wa mshairi ni wa kiyakinifu. Msimamo wake ni wa kimapinduzi. Nikauliza kapindua nini, maana shairi zima hakuna aliyeinuka kitandani isipokuwa yule mama, naye aliinukia beseni.

Kuna mahali mtoto amelala chali, anaiona nyota kupitia tundu la bati. Binti kapigia mstari mwekundu: taswira, nyota ni tumaini. Mama yake alikuwa pembeni anachambua dagaa, akainua kichwa. "Tundu la kuonyesha nyota? Hilo si tundu, hilo dirisha. Na mvua ikinyesha anaona nini?"

Mshairi huyu hajawahi kupanda juu ya paa. Bati la migongo lina mgongo na lina bonde. Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari unatakiwa upigwe mgongoni, tena na kipira chake. Fundi wa bei poa anapiga pale mkono ulipofika. Kipira kinapigwa na jua la Dar, kinakakamaa, kinapasuka, na maji yanateremka na msumari mpaka kwenye mbao, yanatembea na mbao taratibu, yanakuja kudondoka upande mwingine kabisa wa chumba. Ndiyo maana beseni haliko mahali pake hata siku moja. Unaliweka hapa, linavuja kule. Unalipeleka kule, mtoto anakwambia na huku kwenye begi la shule. Haya yangeandikwa, ningempa mshairi hata hiyo falsafa anayotafutiwa.

Lakini kilichonichefua hasa ni kingine. Nimelisoma lile shairi juu hadi chini nikimtafuta mtu mmoja. Mvua imo, upepo umo, mchwa wamo, hata panya kapewa mstari wake. Mwenye nyumba hayumo! Watu wanakaa mle bure kama ndege. Hakuna anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mpigo. Hakuna dalali aliyelamba hela ya mwezi mzima kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Hakuna kikao cha LUKU ukumbini, nani ana friji, nani ana pasi, nani anachomeka jiko la umeme usiku akidhani sisi wengine tumelala. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo mpangaji akienda kununua umeme analipia na jengo la mwenzake. Hicho ndicho kitu cha kutungia shairi, tena la vina na mizani, la kughanwa. Huyu mshairi kazi yake kulaumu mvua. Mvua haijawahi kumpangisha mtu chumba.

Watu wa Bonde la Msimbazi wanaweza kunisaidia hapa. Desemba 2011 mafuriko yalipita, serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa, na kuta zikaandikwa X nyekundu. Ile X haikuhitaji mwalimu wa kuifafanua. Siku zile kila mtu alizungumzia nyumba: nani kajenga bila kibali, nani ana hati, nani kaenda mahakamani. Mpangaji alikuwa wapi kwenye mazungumzo hayo? Alikuwa barabarani na godoro lake, na kodi aliyolipa mbele hakuna wa kumrudishia, maana mwenye nyumba naye analia.

Haya, tumaini. Swali la mwisho lilisema, jadili tumaini lilivyojitokeza. Binti kaandika jua, nyota na tabasamu la mtoto. Nikamwambia, mwanangu, tumaini la mtu wa Dar haliko angani, liko Chanika. Kila mpangaji wa nyumba hii ana kiwanja, au ana shemeji mwenye kiwanja, au ana karatasi ya kiwanja ambacho watu wengine watatu nao wana karatasi yake iliyogongwa muhuri ule ule. Jirani yangu wa chumba cha mbele kila Jumapili anapanda daladala kwenda kuzitazama tofali zake. Hafanyi kitu huko. Anazitazama. Zilifyatuliwa na fundi aliyetoa tofali hamsini kwenye mfuko mmoja wa saruji ambao kwa haki hutoa thelathini na kitu, kwa hiyo ukiligusa moja linakuachia mchanga kiganjani. Nyingine zimeshaota nyasi, nyingine zimehamia kwenye msingi wa jirani wa kule. Anarudi jioni amechoka, viatu vyekundu kwa vumbi, na wiki nzima ana uso wa mtu aliyepandishwa cheo.

Na sisi je? Nyuma ya kabati letu kuna mabati mapya, geji 28, yamefungwa kwa khanga kuukuu yasipate kutu. Mama watoto huwa ananunua moja moja, mchezo wake ukiiva. Usiku mvua ikinyesha maji yanadondokea juu ya kabati, kabati lenyewe limesimama mbele ya mabati mazima, na hakuna anayethubutu kusema tulipandishe moja juu. Nilisema mara moja. Mama watoto aliniangalia kama mtu aliyetaka kuuza mtoto. "Bati langu nikapige kwenye nyumba ya mtu?" Mjadala ukafungwa, tukasogeza beseni. Hayo nayo nilimwambia binti ayaandike kwenye tumaini. Akasema haiwezekani, hayamo kwenye shairi.

Kipengele kimoja tu kilinifurahisha, nacho ni "kufaulu na kutofaulu kwa mshairi". Hapo nilisaidia kwa moyo wote. Tukaandika: mshairi ameshindwa kumtaja mwenye nyumba. Daftari likarudi na wino wa mwalimu pembeni, "Nje ya mada." Alama nzima ikaenda na maji.

Basi siku ya kodi mzee mwenye nyumba akaja, shikamoo, marahaba, akakuta ile karatasi juu ya stuli. Akamwambia binti amsomee. Binti akasoma kwa sauti, na kuigiza juu. Mzee alisikiliza amefumba macho, na binti alipofika kwenye beseni, mzee akatikisa kichwa. "Huyu mtunzi mtu mzima," akasema. "Kaona. Mvua za siku hizi siyo mvua." Mimi nikakohoa.

Wiki ile ile akaleta fundi na ndoo ya lami, akaziba msumari mmoja mmoja. Paa limeacha kuvuja, upande wa kitandani angalau. Mwalimu alikuwa ameshawaambia darasani kwamba fasihi inaweza kuibadili jamii, nami nilianza kumwamini. Mwezi ulipoisha mzee akarudi na habari kwamba chumba sasa kimekarabatiwa, na kodi inatoka 60,000 kwenda 75,000.

Muhula ujao wanaanza tamthiliya. Nimemwambia binti asome kimoyomoyo.